Choo cha kuning'inia ukutani, nikitie nyumbani au niachane nacho?

BintiFuoni

Assalaam alaykum jamani. Naomba mnisaidie kabla sijaingia hasara.

Tunamalizia nyumba Fuoni, hapa Unguja, imebaki bafu mbili tu, la chumbani kwetu na la bi mkubwa, mama yangu mzazi anakaa na sie na magoti yamemchoka. Sasa mume wangu alikwenda kufunga eisi kwenye hoteli moja Paje, karudi hana habari nyengine ila choo. Ati hakina mguu, kimening'inia ukutani kama kabati, tangi hulioni, pana kisahani tu cha kubonyeza, na chini yake unapitisha fagio mpaka ukutani. Siku tatu nzima ni choo tu, mpaka mama akamuuliza hoteli ile watu wanalipa kulala au kwenda msalani.

Mie kusema kweli hilo la fagio ndo lilonishika. Mnajua vyoo vyetu, maji kutwa kucha, pale mguu wa choo ulipokutana na sakafu panaota ukoga mweusi, unapiga brashi leo kesho umerudi.

Nikaenda kuzunguka Mlandege na Mwanakwerekwe. Duka la kwanza kanionesha bakuli zuri, bei nikaona mbona rahisi, namuuliza tangi lake liko wapi ananambia "aa dada, la ndani unanunua mbali". Bei ya hilo la ndani sasa, nusra nikae chini. Duka la pili wana seti nzima, fremu na tangi na bakuli, nusu ya bei ile, lakini boksi halina jina wala karatasi na muuzaji mwenyewe hajui kinafungwa vipi.

Kwa hivo nauliza, kwanza kitabeba? Mume wangu ana kilo mia na kumi (asione hapa). Ukuta ni wa matofali ya nchi 6. Maji tunatumia ya ZAWA (mamlaka ya maji) yakiwepo, yasipokuwepo ya kisima, yote yanapanda tangi la juu ya dari. Na tangi la ndani likiharibika ndo tunavunja marumaru au vipi? Fundi wangu anasema "hivi nshafunga sana", nilipombana wapi, kumbe kaona YouTube.

kijana_wa_chwaka

Tia cha kawaida ujipumzishe dada. Kikiharibika unafunua mfuniko unatia mkono umemaliza. Hivi vya hotelini muwaachie wenye hoteli, wao wana mafundi wa mshahara.

FundiMabomba_Nungwi

Waalaykum salaam dada. Kijana wa Chwaka hapo juu hajakosea sana lakini hajafunga kitu hichi, mie nafanya kazi hii kwenye mahoteli huku kaskazini mwaka wa kumi na moja sasa, nimevifunga na nimevivunja, kwa hivo ngoja nikueleze taratibu.

Nianze na mumeo maana naona ndo roho inakodunda. Bakuli la kuning'inia la kiwango cha Ulaya linajaribiwa kwa kubebeshwa kilo 400. Mumeo akae na mashemeji watatu mapajani. Kinachoanguka si bakuli dada, ni ufungaji. Ile fremu ya chuma ina miguu miwili, uzito unashuka kwa miguu kwenda sakafuni, ukuta kazi yake ni kuizuia isilale mbele tu. Sasa mtu anafunga miguu juu ya mchanga na saruji nyembamba ya kulalia marumaru, au juu ya marumaru yenyewe, mwezi wa tatu choo kinacheza kama jino bovu. Miguu iende kwenye zege. Zege, si plasta.

Ukuta wako wa nchi 6 usiuchimbe. Fremu inataka kina cha sm 12 au zaidi kidogo, na wako wote ni sm 15, ukichimba umebakiwa na karatasi. Unasimamisha fremu mbele ya ukuta unaijengea kijiboksi, kimo kama mita 1 na sm 20 hivi, kinatoka mbele sm 20 na ushee ukihesabu marumaru. Juu yake umepata shefu, weka kopo, weka chetezo. Lakini hapa ndo watu wanadanganywa: wanaambiwa choo hichi kinaokoa nafasi. Piga hesabu, boksi sm 20 na bakuli la kawaida sm 54, umeshafika sm 74. Cha kukaa sakafuni chenye tangi lake mgongoni mara nyingi ni sm 65 mpaka 70. Kinaokoa nafasi pale fremu inapozama ndani ya ukuta mnene tu. Kwako bafu litapungua kidogo, lijue hilo mapema, usije ukafungua mlango ukagonga goti.

Maji ya kushuka kutoka tangi la juu yanatosha. Tangi zile nzuri zinajaa hata kwa presha ya 0.1 bar, nayo ni maji yalokaa juu yake mita moja tu. Zitajaa polepole lakini zitajaa.

Sasa la kuvunja marumaru. Ile sahani ya kubonyeza ndo mlango. Unaitoa kwa mkono, nyuma yake pana tundu, na kila kinachochakaa ndani ya tangi kinatokea pale: boya, vali, raba ya chini, hata kijibomba cha kufungia maji. Viungo vya nyuma ya bakuli unavifikia kwa kufungua nati mbili ukalivuta bakuli. Mie katika vyote nilovifungua, marumaru nimevunja mara mbili, na zote mbili fundi wa mwanzo alikuwa kafunga ukuta kabla hajajaribu maji. Kwako wewe fundi akishaunga kila kitu, tangi lijazwe, liachwe siku moja usiku na mchana, watu wapitishe kitambaa kikavu kwenye kila kiungo, ndo tofali la kwanza la boksi lijengwe. Asipokubali mtoe.

Kwa hivo pesa yako iweke kwenye kilichofichwa. Bakuli utaona kila siku, ukilichoka utabadilisha, nafasi ya zile skurubu mbili nyingi ni sm 18, ziko na za 23, pima tu kabla hujanunua. Lakini fremu na tangi ukishazijengea umeoana nazo. Hii si teknolojia ya jana, Geberit wa Uswisi wanatia tangi ukutani tangu 1964, Grohe wa Ujerumani nao wanazo. Sikwambii lazima hao, nakwambia uchukue yenye jina, ambayo leo hii ukipiga simu Dar unaambiwa raba yake ipo na kesho inapanda boti. Ile seti isokuwa na jina siku raba imekufa utazunguka na raba mkononi duka kwa duka, na sahani ya kampuni moja haikai kwenye tangi la nyengine. Hapo ndo utavunja kweli, kwa raba ya kidole kimoja.

Mzee_Malindi

Mwanangu BintiFuoni, fundi kasema kweli yote lakini nyumba yako ni mpya ina zege. Mimi nitatoa langu kwa ajili ya wengine wanaosoma wenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe.

Mpwa wangu yuko Dubai, akaniletea kimoja kwenye kontena, jina kubwa kabisa, akanambia ami utakaa kama mfalme. Nyumba yetu ya mawe na chokaa, orofa ya kwanza, kuta nusu mita, nikasema hapa ndo mahala pake, ukuta mnene tunazamisha. Fundi nilompata akachimba kwa mtarimbo siku mbili. Ukuta wa zamani ukiugonga hivo haupasuki kama tofali, unamwagika, mawe ya matumbawe na udongo na chokaa vinashuka kama unga, tundu la nusu mita likawa la mita. Kajaza saruji. Chokaa cha zamani kinapumua, saruji haipumui, kila mtu Mjini anajua na kila mtu anafanya.

Kikafungwa, kizuri, nikakaa kama mfalme miezi minane. Halafu mpangaji wa chini akanigongea, mzee darini kwangu pana doa. Nikamwambia la mvua. Kiangazi kile. Doa likawa kubwa, harufu ya chokaa kilolowa unaisikia toka ngazini, siku tulofungua kumbe kiungo cha bomba la maji safi kinatoa tone moja moja nyuma ya ukuta, halionekani, halisikiki, linashuka kwenye boriti. Boriti mbili za mkoko, zimeishi pale kabla ya babu yangu, kichwa chake unatia kidole kinaingia. Nilichokilipia kwenye zile boriti ningenunua vyoo kumi.

Kwa hivo wa Mji Mkongwe, kwanza nendeni ofisi ya Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hamjatoboa ukuta, kule si mahala pa kujichimbia, urithi wa dunia tangu 2000. Pili, mkitaka lazima, boksi lijengwe mbele kama alivosema fundi, ukuta msiuguse, na bomba la maji safi lipite mahala mnapoliona.

Mimi sasa nimerudi kwenye cha kukaa chini. Kikivuja naona mimi, si mpangaji.

UmmuSalma_Wete

Jamani mbona wote mnazungumza vyuma na hakuna alouliza la maana, mnatawaza na nini??

Nacheka lakini yalinikuta. Sie huku Wete tumekifunga mwaka juzi, fundi mzuri, fremu nzuri, kajaribu maji masaa ishirini na nne yote hayo, marumaru yakapigwa, silikoni ikapigwa, tukaitana kutazama. Mama mkwe wangu kaingia wa kwanza. Katoka. Kasimama mlangoni kauliza kwa upole kabisa, "Na maji je?" Wallahi tukatazamana. Hakuna alokumbuka kutoa bomba la mpira wa kutawazia, shatafu, maana kwenye picha za hivi vyoo halipo, wazungu wao wanajua wanavofanya. Kwenye choo cha kawaida unachukua kwenye lile bomba linalokwenda tangini, unatia kigawanyo basi. Hichi bomba limo ukutani! Ikabidi tupasue marumaru mapya hayajamaliza wiki, na ile rangi dukani ilishakwisha, mpaka leo pale pana vipande viwili vya rangi ya maziwa kati ya vyeupe. Mama mkwe kila mgeni anamuonesha.

Kwa hivo dada kabla ya boksi kujengwa mwambie fundi atoe tundu la shatafu, mkono wa kulia wa alokaa, mana maji unashika kwa kulia na kushoto ndo kunatawaza. Na liwe na koki yake ukutani, usitegemee kile kitufe cha mpira, kikilegea kinakumwagia usiku kucha.

La pili, ushatazama kibla?

BintiFuoni

Ya rabi. La shatafu sikulifikiria kabisa, na la kibla ndo umenimaliza. La chumbani kwetu liko sawa, ukuta wa mashariki. La mama bomba la nchi nne limetokea ukuta wa kaskazini. Kwa hivo akikaa anakipa kibla mgongo si ndio?

UmmuSalma_Wete

Ndio. Sie kibla chetu kaskazini, Makka iko juu yetu karibu moja kwa moja, inakwenda mashariki kidogo tu. Na hadithi ya Mtume s.a.w. ya kuwa mtu asikielekee kibla wala asikipe mgongo, waelekee mashariki au magharibi, waliambiwa watu wa Madina na wao kibla chao kusini, kwetu kaskazini, kwa hivo maneno yaleyale yametuangukia na sie. Masheikh wetu wa Kishafi wanaruhusu ikiwa ni ndani ya jengo, lakini mtu unajenga mwenyewe, ukuta hujaufunga, kwa nini uanzie kwenye ruhusa. Bi mkubwa atakuuliza siku ya kwanza.

kijana_wa_chwaka

Choo cha kawaida ungekigeuza tu sakafuni, nasema tu

FundiMabomba_Nungwi

Chwaka, choo cha kawaida nacho kina tundu lake, hakigeuki kama kiti.

Dada, sakafu ya bafu la mama imeshamwagwa? Kama bado, hamisha bomba sasa, kazi ya asubuhi moja. Leta kwenye ukuta wa mashariki au magharibi, ila angalia mteremko kwenda karoni. Vyoo hivi vinamwaga lita 6 kwa kitufe kikubwa na 3 kwa kidogo, si kama yale matangi ya zamani ya lita 9 na zaidi, kwa hivo bomba likiwa limelala maji yanakimbia na mzigo unabaki njiani. Kila mita moja lishuke sm 2 mpaka 2 na nusu. Na kona za nyuzi 90 usitie, tia mbili za 45.

Halafu hukuuliza lakini la mama ndo sababu kubwa kuliko zote ya kutia choo hichi. Cha kukaa sakafuni kimo chake kimepangwa na kiwanda, sm 40 hivi. Hichi kimo unapanga wewe, miguu ya fremu inapanda na kushuka. Kamkalishe mama kwenye kiti anachoinuka bila ya kushika kitu, pima kutoka sakafuni mpaka alipokaa. Wengi wenye magoti inakuja sm 45 mpaka 48. Pima kutoka juu ya marumaru yatakayokuwepo, si kutoka zege lililopo leo, hapo mafundi wengi wanapoteza sm 4 au 5. Na mwambie fundi atie mbao au chuma ukutani pembeni kwa ajili ya mkono wa kushika, hata kama huufungi sasa.

Nati za bakuli zisikazwe kwa hasira. Pana karatasi laini inakaa kati ya bakuli na marumaru, ikikosekana kauri inapasuka, na huisikii siku ile, unaisikia siku mtu kakaa.

mtu_wa_paje

Nafanya matengenezo hotelini (siyo ile ya mumeo nadhani 😅). Naongeza moja tu, maji yetu ya kisima yana chokaa, kisiwa chote kimekaa juu ya jiwe. Ile raba ya chini ya tangi inashika ukoko mweupe, haifungi sawasawa, maji yanakwenda bakulini kidogo kidogo hujui, pampu inawaka saa nane ya usiku peke yake ndo unashituka. Cha kufanya, usiku toa sahani, tia kijiko cha rangi ya biriani ndani ya tangi, usibonyeze, kalale. Asubuhi bakuli likiwa la manjano raba inavuja. Unaitoa unairoweka kwenye siki, unaisugua kwa kidole, unairudisha. Mie nafanya kila baada ya miezi sita vyumba vyote. Ila siki isidondokee kwenye sakafu ya mawe ya asili, inakula.

Mzee_Malindi

Hili la biriani sikulijua. Ningelijua.

Na mtu asisahau ndoo. Sie tulokuwepo Unguja umeme ulipokatika toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, pampu zote zimelala, tunajua kitufe kizuri bila ya maji ni pambo. Hichi nacho ukikimwagia ndoo kinakwenda, nimejaribu, kwa hilo sikisemi vibaya.

Lakini changu hakikuvuja kwenye raba ya tangi, kilivuja kwenye bomba la maji safi, hapo rangi ya biriani haikwambii. Hapo ni mita ya maji. Funga koki zote, itazame. Ikizunguka, kuna mtu anakula boriti zako.

BintiFuoni

Allah awalipe kheri nyote. Tumekaa jana na mume wangu tumeamua. Lile boksi lisilo na jina tumeliacha. Tunanunua fremu mbili zenye jina na mabakuli ya kawaida kabisa, kifuniko cha kushuka polepole atasubiri. Bafu la mama bomba linahamia magharibi, fundi wa YouTube nimempa simu yangu asome maneno ya Nungwi yote mbele yangu, kasoma kimya, mwisho kauliza "sasa huyu kwa siku anachukua ngapi?"

Mama nimemkalisha kwenye viti vyote vya nyumba na tepu mkononi. Cha jikoni hawezi, cha barazani kirefu miguu inaelea, kilochomfaa ni kile kigoda kikubwa cha marehemu baba, sm 46. Kaniambia basi andika hapo na utepu wenyewe usinichezee miguu.

Leo wamesimamisha fremu ya kwanza. Picha hiyo hapo, semeni kama kuna kosa boksi halijajengwa.

UmmuSalma_Wete

Mashallah. Tundu la shatafu liko kushoto.

BintiFuoni

Nimemuita. Anarudi na spana.